Visiwa vya Nchi Kavu

 Muradi wa mazungumzo yangu ya jioni hii ni milima ya Kajiado, na safari za miguu juu ya milima hiyo, na haki ya watu ambao milima hiyo ni maskani yao. Nimeichagua habari hii kwa sababu sisi tuukaao mji wa Kitengela, ambao hesabu ya mwaka 2019 ilitukuta tukiwa zaidi ya watu 150,000, tumezoea kuitazama milima hiyo kila asubuhi kwa mbali, ng'ambo ya mapaa ya mabati na nguzo za umeme, kisha tukageuza nyuso kuelekea Nairobi kutafuta riziki. Na siku ya mapumziko ikifika, mwenye nafasi huuliza nauli ya Mombasa au ya Unguja, wala haimpitikii moyoni kwamba safari kubwa aitamaniyo huenda ikawa mwendo wa saa mbili tu kutoka mlangoni pake.

Mtu ukimtajia kisiwa, mara nyingi huwaza mchanga mweupe, minazi, na nchi iliyolala sawasawa na maji. Na hana kosa, kwa kuwa Unguja yenyewe, hata ukikwea ukingo wa Masingini ulio juu ya mji, haifiki mita 200 kutoka usawa wa bahari. Walakini viko visiwa vya sura nyingine katika bahari hii hii ya Hindi, na mashuhuri kwetu miongoni mwa hivyo ni Ngazidja ya Komoro, ambayo watu wake ni jamaa wa Waswahili kwa dini, kwa lugha na kwa kuoana. Huko mlima Karthala umeinuka kutoka majini hata mita 2,361, nao ni volkeno hai, iliyolipuka mara mbili katika mwaka 2005 na kumwaga majivu juu ya vijiji. Msafiri anayeukwea huanza katika harara ya pwani, akapita penye migomba na vanila, akaingia katika msitu wa ukungu ambamo nguo hulowa bila ya mvua kunyesha, na mwisho akatokea juu ya mawe meusi ukingoni mwa shimo la moto. Na katika msitu ule yuko bundi mdogo asiyepatikana popote ulimwenguni ila juu ya Karthala. La ajabu zaidi ni jambo la maji. Mvua ya Karthala ni nyingi mno, lakini Ngazidja haina hata mto mmoja wa kudumu, kwa sababu jabali changa la volkeno lina vitundu na hunywa kila kinachoshuka juu yake, na watu wa vijijini tangu zamani huishi kwa maji ya mvua waliyoyakinga katika mabirika; ndiyo maana majivu ya mwaka 2005 yalikuwa msiba mkubwa, maana yalianguka mashambani na katika maji ya kunywa pia.

Nimelitanguliza jambo la Ngazidja kwa makusudi, kwa sababu hayo yote, harara ya chini na ukungu wa juu, msitu uliotengwa na viumbe waliofungwa humo, na jabali linywalo maji, yako kwetu Kajiado, na kilichokosekana ni bahari tu. Kaunti hii ina ukubwa wa kilomita za mraba karibu 21,900, yaani Unguja zaidi ya kumi zingeenea ndani yake. Na sehemu kubwa ya eneo hilo ni mbuga za majani makavu na migunga, zinazoshuka kutoka kwetu Kitengela, penye zaidi ya mita 1,500, hata ziwa Magadi lililo chini katika Bonde la Ufa kwenye mita kama 600. Katika bonde la Amboseli mvua ya mwaka mzima huwa kama milimita 300, ilhali vilima vya Ngong na miteremko ya Kilimanjaro upande wa Loitokitok hupata hata milimita 1,250. Tofauti hiyo ya mvua ndiyo ifanyayo kisiwa. Ol Doinyo Orok, mlima wa Namanga, unaozidi mita 2,500, umesimama peke yake mpakani mwa Tanzania, miguuni vumbi na miiba, na kichwani msitu mbichi wa miti iliyoota ndevu za kijani. Na mti wa msitu ule hauwezi kuteremka nyanda za chini kwenda kuota katika mlima wa pili, kwa kuwa ukame wa katikati utauua kama vile maji ya chumvi yangeuua mche uliorushwa baharini. Majirani zetu wa mashariki, milima ya Taita, wanatuonyesha mwisho wa kutengwa huko ni nini: yuko kule ndege mdogo ambaye wataalamu humwita apalisi wa Taita, hana nchi nyingine duniani, na misitu yake imebaki vipande vipande juu ya vilele, hata amehesabiwa miongoni mwa ndege walio karibu kabisa na kutoweka.

Nitakaa kidogo juu ya vilima vya Chyulu, kwa sababu sioni pahali pengine ambapo mlima na maisha ya watu wa mbali vimeungana kwa dhahiri kama hapo. Vilima hivyo viko mashariki ya Kajiado, vikigawanywa na mipaka ya kaunti kati yetu na Makueni na Taita Taveta, navyo ni safu ya volkeno changa, mamia ya vichuguu vya majivu vilivyojipanga kwa urefu wa kilomita karibu 100, na kilele chake cha juu kina mita 2,188. Uchanga wake si wa maneno, kwa kuwa mkondo wa mawe meusi ambao watu waliuita Shetani ulitoka katikati ya karne ya 19, wakati ambapo misafara ya pwani ilikwisha zoea njia za bara. Mwendaji apandaye Chyulu kwa upande wa Mbirikani hutembea juu ya majani marefu na laini, kijani kwa kijani, upepo ukiyalaza kama maji, na Kilimanjaro imemkabili upande wa kusini-magharibi. Kisha huingia katika misitu ya vilele, ambako mawingu ya alfajiri hukaa mitini na kudondoka. Lakini tangu chini hata juu hatakutana na kijito kimoja. Kama pale Ngazidja, mvua na ukungu vyote huzama jabalini, vikapita chini ya ardhi njia isiyoonekana, na kutokea kwa nguvu katika chemchemi za Mzima ndani ya mbuga ya Tsavo Magharibi, ambako viboko huogelea katika maji maangavu hata mtu aweza kuhesabu kokoto zake. Na kutoka Mzima maji hayo yaliunganishwa, katika miaka ya 1950, kwa bomba linaloteremka mpaka Mombasa. Basi wewe msikilizaji uliye Mombasa, unayetia udhu au kupika chai kwa maji ya bomba lile, elewa kwamba kisima chako ni msitu wa mlima ambao pengine hujapata kuusikia, na kwamba anayechoma makaa juu ya Chyulu anakutilia mkono katika mtungi wako.

Haya ndiyo yanayonifanya niamini kwamba kutembea milimani ni sehemu ya elimu, wala si anasa ya wageni peke yao. Kitabu cha jiografia kitakwambia kwamba msitu hutunza maji, nawe utajibu mtihani na kusahau. Lakini aliyepanda Chyulu kutwa nzima na chupa yake ikaisha, akaona mawingu yamelala juu ya miti nusu saa kutoka pale na asipate tone la kunywa, habari hiyo haimtoki tena maishani mwake. Wako wanaosema kwamba hadhi ya safari za namna hii iko katika kufika kileleni, na kwamba mlima usiofika mita 4,000 haustahili kutajwa. Mimi siafikiani nao hata kidogo. Kilimanjaro ina mita 5,895, na fahari yake haina mjadala, lakini thamani ya mlima kwa mwenye kuutembelea ni yale uliyomfunulia kuhusu nchi iliyouzunguka, na kwa kipimo hicho vilima vyetu havina haja ya kuona haya.

Aliye Kitengela na kutaka kuanza, na aanze na Ngong. Vilima hivi, ambavyo kilele chake cha juu kina mita 2,460, ni ukingo wa volkeno ya kale ambayo sehemu yake kubwa ilibomoka zamani za zamani Bonde la Ufa lilipofunguka. Na njia ya miguu hufuata mgongo wake kutoka penye mitambo ya upepo, karibu na mji wa Ngong, ikipanda na kushuka kilele baada ya kilele mpaka Kona Baridi kwenye barabara ya Magadi. Kushoto kwa mwendaji ziko nyanda za Nairobi na Kitengela zenye mapaa yasiyohesabika, na kulia nchi hukatika ghafula ikaporomoka bondeni, ukaona Olorgesailie, mlima wa mita 1,760, ambao chini yake wataalamu wamechimbua shoka za mawe za watu walioishi pale tangu miaka zaidi ya milioni moja iliyopita. Louis na Mary Leakey walifanya kazi pale tangu mwaka 1942, na mahali pale pakafunguliwa kwa watazamaji mwaka 1947, shoka zikiachwa chini pale pale zilipopatikana. Kwa maoni yangu, hakuna mahali pengine katika Kenya ambapo mtu kwa mtazamo mmoja huona mwanzo wa binadamu upande wa kulia na mji wa kesho upande wa kushoto.

Chini ya vilima hivyo vya Ngong pana habari nyingine ambayo Waswahili hatuna budi kuikumbuka. Karne ya 19 palikuwa hapo na kituo cha misafara kilichojulikana kwa jina la Ngongo Bagas, ambako watu wa pwani walitua kununua chakula kwa Wakikuyu kabla ya kuendelea na safari kuelekea Naivasha na Baringo. Msafiri Mzungu Joseph Thomson alipoivuka nchi ya Wamasai mwaka 1883, na Mzungu mwenziwe Count Teleki aliyemfuatia mwaka 1887, vitabu viliandika majina yao kwa herufi kubwa. Lakini wote wawili walimtegemea Jumbe Kimemeta wa Pangani, mfanya biashara wa pembe aliyezijua njia za bara, visima vyake na lugha ya wenyeji, na aliyejua pia ni zawadi gani itolewayo kwa mzee gani ili msafara upite salama. Vivyo hivyo Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kilele cha Kilimanjaro tarehe 6 Oktoba 1889, na masimulizi ya Wachagga yanamtaja Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu kuwa ndiye aliyewaonyesha njia ya msituni. Siwavunjii wageni hao heshima yao, maana ushujaa wao ulikuwa wa kweli. Nasema tu kwamba katika nchi hizi hakuna aliyepanda mlima bila ya kushikwa mkono na mwenye mlima, na malipo ya mkono huo aghalabu yamekuwa haba.

Na hapo ndipo nilipokusudia kufika. Ukienda Ol Doinyo Orok leo huwezi kupanda kwa salama bila ya kiongozi wa mahali. Mlima una makorongo yanayofanana, msitu wake ni mzito, mawe yake huteleza, na njia nyingine uzionazo ni njia za wanyama zinazoishia gengeni. Vijana wa Kimasai wa Namanga wanaufahamu mlima huo kwa sababu katika miaka ya ukame baba zao huupandisha mifugo, majani ya nyandani yakiwa yamekwisha, na nchi ya juu ndiyo akiba ya mwisho ya ng'ombe. Mgeni basi akumbuke kwamba anapita katika ghala la watu. Adabu yake ni hii: afikapo bomani asimame kando na asalimu, sopa, angoje aitikiwe ipa, akiwa na watoto, wafundishwe kuinamisha vichwa ili wazee wawaguse, kwa kuwa ndiyo amkio la mdogo kwa mkubwa, asipige picha ya mtu wala ya mfugo kabla ya kuomba, na ujira wa kiongozi upatanwe asubuhi kwa maneno yaliyo wazi na ulipwe jioni wote, pasipo kukatwa kwa hoja ya kwamba mvua ilinyesha au kilele kilifunikwa na wingu. Nimekwisha kuona kundi la watu waliotoka mjini wakimpunguzia kijana ujira wake kwa kuwa wao wenyewe walichoka nusu ya njia. Jambo lile liliniuma, na lingali linaniuma, maana yule kijana alikuwa amebeba mizigo yao miwili mgongoni.

Walakini kuna hatari kubwa kuliko ujira mdogo, nayo tumeileta sisi wa mjini. Nimesema kwamba mlima ni kisiwa. Lakini tangu zamani visiwa hivi vya nchi kavu havikukatwa kabisa, maana wanyama na wafugaji walikuwa wakivuka kati yake kwa majira, nyumbu wakishuka kutoka mbuga ya Nairobi kuvuka mto Mbagathi na kuenea nyanda za Kaputiei mvua ikinyesha, wakirejea kiangazi. Mbuga ile, iliyoanzishwa mwaka 1946, ina kilomita za mraba 117 tu, na upande wake wa kusini uliachwa bila ua kwa ajili ya safari hizo. Sheria ya mwaka 1968 iligawa ardhi ya Wamasai katika ranchi za makundi, na tangu miaka ya 1980 ranchi hizo zikagawanywa kwa mtu mmoja mmoja, na mtu mmoja mmoja akauza, na vipande vikakatwa vikakatwa hata vikafika viwanja vya futi 50 kwa 100, kila kimoja na waya wake. Nyumbu wa nyanda hizo, waliokuwa zaidi ya 25,000 mwishoni mwa miaka ya 1970, walikuwa wamepungua chini ya 5,000 kufikia mwaka 2011. Simlaumu mfugaji aliyeuza ili alipe karo ya mwanawe, wala simlaumu mfanyakazi aliyejinyima miaka mingi apate pa kujengea, maana kila mmoja ana haja yake ya haki. Ninalolilaumu ni kukata ardhi bila ya kuacha njia, kana kwamba hapakuwa na mguu uliopita pale kabla ya mpima ardhi. Tangu mwaka 2000 ulikuwako mpango wa kuwalipa wenye ardhi wa Kitengela kwa kila ekari waiachayo wazi bila ua, na familia nyingi zikaukubali; huo ni ushahidi kwamba mwenyeji haukatai mlango wazi, ila hataki kuubeba mzigo wake peke yake. Nasi tunaopenda kutembea tunawajibika kuuchangia mzigo huo, kwa kulipa kiingilio katika mahifadhi ya jamii badala ya kuyapita kwa mlango wa nyuma, na kwa kuwauliza wawakilishi wetu wa Kajiado, kila ramani mpya ya mgawanyo ipelekwapo mbele yao, njia ya ng'ombe na ya mtu wa miguu imechorwa wapi. Kaunti ikiziandika njia hizo leo, gharama yake ni wino. Ikingoja miaka kumi, itanunua nyumba za watu na kuzibomoa.

Nimalize kwa mambo ya safari yenyewe. Msimu mwema wa kwenda Orok na Chyulu ni Januari na Februari, au tangu Julai hata Septemba, kabla ya mvua za vuli. Masika yakianza mwezi wa Machi, njia huteleza na mito mikavu ya nyandani hujaa ghafula, na wamepotea watu ndani ya magari yao kwa kudharau korongo lililokuwa kavu asubuhi. Ngong hupandwa mwaka mzima, ila mwezi wa Julai baridi yake ni kali na ukungu huficha njia hata saa nne. Chukua maji kuliko unavyodhani, lita tatu kwa mtu si nyingi, na uyachukue katika chupa ya kudumu, kwa kuwa tangu Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja zimekatazwa katika mbuga za taifa na misitu ya hifadhi. Vaa viatu vilivyokwisha kuzoea mguu, na kofia, na shuka ya kujifunika juu. Usiende peke yako, wala usimwache nyuma mwenye mwendo wa polepole. Kwa Orok, panda gari la Namanga pale Kitengela alfajiri, upite Isinya, Kajiado na Bissil, mlima ukikua mbele yako njia nzima. Na ukishuka garini, kabla ya kutafuta chai, watafute askari wa misitu na wazee wa mahali, uwaeleze nia yako, na uwaombe wakupe mtu.